Dawa ya Kutuliza Kabla ya Kisu: Akili ya Mgonjwa katika Tiba na katika Fiqhi

Msomaji wetu mmoja wa Ushirombo ametuletea swali ambalo kwa juu juu linaonekana dogo. Ndugu yake alilazwa katika hospitali moja, ambayo hakuitaja nasi hatukumuuliza, ili apasuliwe ngiri. Usiku wa kuamkia siku ya upasuaji alimezeshwa kidonge cha kumtuliza, na asubuhi akapewa kingine kwa funda moja la maji. Karatasi ya idhini ililetwa baada ya kidonge cha pili, naye akatia dole gumba. Alipozinduka jioni hakukumbuka kabisa kuiona karatasi hiyo, na sala zilikuwa zimempita. Msomaji anauliza mambo matatu: je, ndugu yake alikunywa kilevi? Sala zake zina hukumu gani? Na lile dole gumba, je, ni idhini?

Tumeona tusimjibu kwa mistari mitatu. Jambo hili lina historia ndefu katika vitabu vyetu vya fiqhi na vya tiba, na kipande kimoja cha historia hiyo kilitokea upande huu wetu wa Maziwa Makuu, si mbali sana na alipo yeye.

Kwanza tuyaweke sawa maneno, kwa sababu watu wengi wamepotea hapo. Katika vitabu vya fiqhi msomaji atakutana na neno *banj*. Wako waliolisoma wakadhani ni bangi hii inayovutwa vichochoroni, wakajenga hukumu juu ya dhana hiyo. Sivyo. Bangi imetujia kutoka Bara Hindi na ni mmea mwingine kabisa. *Banj* ya mafakihi ni mmea wenye sumu ambao mbegu zake zilitumiwa na waganga wa kale kupoza maumivu na kuleta usingizi. Kutoka katika jamii ya mmea huo ndiko zilikotoka hayosini na atropini, dawa mbili ambazo madaktari wa karne ya 20 waliwachoma wagonjwa wao kabla ya kuwaingiza chumba cha upasuaji. Na mpaka leo Mwarabu wa kawaida akisema mgonjwa amepewa *banj*, ana maana kwamba amepewa dawa ya usingizi ya hospitalini. Sisi nasi tuna nusukaputi: "nusu" ni yetu, na "kaputi" tumeachiwa na Wajerumani, kwao ikiwa na maana ya kitu kilichoharibika. Aliyelibuni neno hilo alikuwa na jicho kali, maana mgonjwa aliyelala mezani ni kweli nusu yake haipo.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Habari mashuhuri kuliko zote ni ya Urwa bin Zubayr, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, aliyefariki karibu na mwaka 94 H. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik, na huko mguu wake ukapatwa na donda linalokula nyama. Waganga wakasema ukatwe kabla ugonjwa haujapanda juu. Wakamletea kinywaji cha kumwondolea fahamu, naye akakikataa. Mguu ukakatwa kwa msumeno akiwa macho, akimtaja Mola wake. Katika safari hiyo hiyo alifiwa na mwanawe aliyepigwa teke na mnyama.

Habari hii husimuliwa mimbarini kama somo la subira, na hivyo ndivyo ilivyo. Sisi hapa tunaitazama kwa jicho la mwanahistoria, na tunaona ndani yake jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Mwishoni mwa karne ya kwanza ya Hijra, waganga wa Sham walikuwa tayari na kinywaji cha kumpa mtu kabla ya kumkata, na walimpa fakihi mkubwa bila kuona haya, kama kitu cha kawaida ya kazi yao. Jambo la pili ni kwamba sababu ya Urwa kukataa, kama ilivyopokewa, haikuwa kusema kwamba dawa ile ni haramu kwa kila mtu. Alichelea kupokonywa akili ambayo kwayo anamjua Mola wake, na alitaka ujira wa maumivu. Hiyo ni daraja yake. Anayemlazimisha mkulima wa Bukombe mwenye ngiri asimame katika daraja ya Urwa anamtwika asichotwikwa na sheria.

Waganga waliokuja baadaye waliandika kwa uwazi zaidi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 H (1037), amezitaja katika *Qanun* dawa za kufisha hisia, akiiweka afyuni mbele ya nyingine zote, na kando yake banj na mandragora, naye anaeleza matumizi yake kwa mtu anayetaka kukatwa kiungo. Hapa tuseme neno moja pembeni. Majarida yetu hupenda kuandika kwamba Waislamu ndio waliovumbua sponji ya usingizi, ile iliyoloweshwa dawa na kuwekwa puani mwa mgonjwa. Maelezo ya wazi ya sponji hiyo yanapatikana katika vitabu vya Kilatini vya Ulaya. Ibn Sina anayo sifa ya kumtosha, haina haja ya kuongezewa ya wengine.

Waganga walikuwa wakiuliza dawa gani inalaza vizuri. Mafakihi waliuliza swali jingine: akili ikiondoka, ni nini kinachoondoka pamoja nayo? Akili kwao ndiyo kigingi kilichofungiwa taklifu, mauzo, ndoa, talaka, wasia na ushahidi. Ndiyo sababu hawakuridhika kuviweka vyote vinavyolegeza akili katika kapu moja. Imamu Qarafi wa Misri, wa madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 684 H (1285), alitenga katika *Furuq* baina ya vitu vitatu: kinacholevya, kinacholaza na kinachovuruga akili. Kipimo chake ni chepesi kukumbuka. Kinachoondoa hisia, mtu asione wala asisikie, hicho ni cha kulaza. Kinachobakisha hisia lakini kikamletea mtu furaha na majivuno, hicho ndicho kilevi. Kinachoichafua akili bila furaha hiyo ni cha kuvuruga. Faida ya mgawanyo huu haiko katika majina tu. Kilevi ni najisi, kina adhabu ya hadi, na kidogo chake ni haramu kama kingi chake. Hivyo viwili vingine havina hadi wala unajisi, na kidogo kisichoathiri akili hakikatazwi. Wapo waliojadili hadithi ya Ummu Salama katika Abu Daud kuhusu kila kinacholevya na kinacholegeza, na hilo ni kweli kwa mtu anayekitafuta kwa starehe. Mgonjwa hatafuti starehe.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na yakapanda bara pamoja na misafara, swali la upasuaji lilijibiwa kwa jina lake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H (1277), huyu huyu mwenye *Minhaj* iliyodurusiwa Lamu, Unguja na Ngazija, ameeleza katika *Rawda* hali ya mtu ambaye mkono wake unaliwa na donda na inabidi ukatwe, na haiwezekani ila kwa kuondoa akili yake. Je, inajuzu? Anataja kwamba suala hili linatokana na khilafu ya kujitibu kwa mvinyo, kisha anatoa hukumu yake kwamba lililo sahihi zaidi ni kujuzu. Waliokuja kuisherehesha *Minhaj*, kama Khatib Shirbini katika karne ya 10 ya Hijra, wakaweka mpaka: hilo ni kwa vitu kama banj, si kwa kinywaji cha kulevya. Yaani haja ya mgonjwa inafungua mlango, lakini haifungui kila mlango.

Mpaka huo una maana gani katika nchi isiyokuwa na banj wala afyuni, na yenye pombe tele? Hapo ndipo tunapofika upande wetu.

Ushirombo ni nchi ya Wasumbwa, watu waliojulikana tangu karne ya 19 kwa biashara ya shaba ya Katanga. Msiri na Wayeke wake walitokana nao. Misafara ya kutoka Unyanyembe kwenda Karagwe na falme za kaskazini ilipita katika nchi za Wasumbwa na Wazinza. Mwaka 1891 wamisionari wa White Fathers walifungua misheni Ushirombo. Mji huu ulikuwa chini ya mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Geita, nao ni makao makuu ya wilaya ya Bukombe. Ukiifuata njia ile ya zamani kaskazini, ukavuka Karagwe na kuendelea, unaingia Bunyoro, ufalme uliokuwa chini ya Kabalega. Huko, mwaka 1879, palitokea kisa ambacho vitabu vya historia ya tiba duniani vingali vikikisimulia.

Kijana wa Kiingereza, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh na aliyefika Uganda pamoja na wamisionari, alihudhuria upasuaji wa uzazi katika kijiji cha Kahura. Mjamzito alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa, akafungwa kwa mikanda ya nguo ya gome kifuani na mapajani. Kabla ya yote alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi kwa wingi hata akawa nusu mlevi. Mpasuaji akanawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, kisha kwa maji. Akakata mara moja katikati ya tumbo, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini kidogo ya kitovu. Msaidizi alikuwa akigusa mishipa iliyovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kizazi kikakandwa hadi kikajikaza, na jeraha likafungwa kwa vijiti saba vya chuma vilivyozungushiwa uzi wa gome, kisha likapakwa mizizi iliyotafunwa na kufunikwa jani la mgomba. Felkin alibaki akimpima joto mgonjwa siku hadi siku, na siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Aliyaandika haya mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh, mji ule ule ambako James Young Simpson alikuwa ameitambulisha klorofomu mwaka 1847.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mbili. Kwanza, kinavunja ile dhana kwamba kumtuliza mgonjwa kabla ya kisu ni jambo lililoletwa na meli. Mpasuaji wa Kahura alijua kwamba woga na kupapatika vinaharibu kazi, akatanguliza kinywaji, na mpangilio mzima wa kazi yake unaonyesha kwamba hakuwa akibahatisha. Pili, kinaweka mbele yetu suala lile lile la Nawawi katika sura yake ngumu. Pombe ya ndizi ni kinywaji cha kulevya bila shaka. Mwanamke yule hakuwa Mwislamu, wala hatumhukumu. Lakini tukijaalia mwanamke wa Kiislamu katika kijiji hicho, mwaka huo, mtoto amekwama na hakuna banj wala afyuni, fakihi angesemaje? Aliyeshika kauli ya Shirbini angezuia pombe. Aliyeurudisha mjadala kwenye asili yake, yaani khilafu ya kujitibu kwa kilichoharamishwa pale kisipopatikana kingine, angepata nafasi ya kuruhusu. Sisi tunaona hapa dharura ni ya roho mbili, na ugumu wa kauli ya kuzuia ulijengwa katika miji iliyokuwa na maduka ya dawa. Hata hivyo suala hili kwa leo limekuwa la historia, maana kingine kinapatikana.

Kimepatikanaje? Etha ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na klorofomu ikafuata mwaka uliofuata. Dawa hizo za kuvutwa ziliondoa maumivu, lakini hazikuondoa woga. Tena etha ilikuwa ikichoma koo na kujaza mate kinywani, na mgonjwa aliyeingia akiwa na hofu alipigana na waliomshika. Ndiyo maana madaktari wakaanza kutanguliza kitu kingine, mofini kwa sindano, na atropini ya kukausha mate. Wajerumani walipotawala bara hili hadi walipong'olewa Tabora mwaka 1916, walikuja na klorofomu na etha zao, na sisi tukabaki na neno lao.

Dawa za kumeza zilikuja kwa hatua. Klorali, dawa ya maji yenye ladha mbaya, ilianza kutumika kwa usingizi mwaka 1869. Barbitali ikafuata mwaka 1903 ikiuzwa kwa jina la Veronal. Hizi zililaza kweli, lakini kati ya kiasi cha kulaza na kiasi cha kuua palikuwa pembamba mno. Mabadiliko makubwa yalitoka katika maabara ya Leo Sternbach, mkemia aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi na kuhamia Marekani kutoka Uswisi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Librium iliingia sokoni mwaka 1960, na Valium, yaani diazepamu, mwaka 1963. Hicho ndicho kidonge kidogo ambacho kimefika hadi hospitali za wilaya Tanzania, kwa sababu ni cha bei nafuu, kinamezwa, na hakiui kwa urahisi kama zile za kwanza. Midazolamu, iliyotengenezwa miaka ya 1970, inafanya kazi kwa haraka zaidi na kutoka mwilini mapema, na ndiyo inayotajwa leo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hii ya kumtayarisha mgonjwa.

Tuongeze hapa, kwa ajili ya watu wa machimboni, kwamba kidonge ni cha upasuaji uliopangwa. Kijana aliyetolewa shimoni mguu umesagika, anavuja damu na alikula ugali saa moja iliyopita, si wa kumezeshwa kitu. Jeraha na maumivu huchelewesha tumbo kusaga chakula, na anayelazwa tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika chakula kikaingia mapafuni. Jamaa wanaomnywesha uji njiani "apate nguvu", au konyagi "asisikie maumivu", wanamponza bila kujua. Mgonjwa wa kupangiwa naye hukatazwa chakula saa sita au zaidi kabla, na maji matupu hadi saa mbili kabla. Funda la kumezea kidonge linaruhusiwa.

Sasa tumjibu msomaji wetu. Diazepamu na dada zake haziondoi hisia zote, wala hazileti ile furaha na majivuno anayoitaja Qarafi kwa mgonjwa aliyepewa kiasi chake kwa woga wa kisu. Zinazidisha nguvu ya kemikali moja ya ubongo ambayo kazi yake ni kupoza shughuli za neva. Mtu hulegea, husinzia, moyo wake hutulia. Ndugu yake basi hakunywa kilevi katika istilahi ya mafakihi. Alikunywa dawa ya kulaza kwa haja, na hiyo ndiyo iliyojuzishwa na Nawawi kwa haja kubwa kuliko yake. Lakini kile kidogo kisichoondoa akili kilikwisha kuwa chepesi kabla hata ya kufika kwenye dharura. Anayekimeza kidonge hicho mtaani bila ugonjwa ili "kupoteza mawazo" yuko katika mlango mwingine, na hatumzungumzii hapa.

Kuhusu sala, wanavyuoni wametofautiana juu ya aliyepotewa na fahamu. Shafii hawamlazimishi kulipa sala ambazo wakati wake wote ulipita akiwa hana fahamu, na wakamuingiza humo aliyekunywa dawa kwa haja. Hanafi wameweka mpaka wa mchana na usiku kwa aliyezimia. Kwa Hanbali kuzimia hakuangushi sala, na Ibn Qudama katika *Mughni* akaifananisha na kuzimia dawa iliyoondoa akili kwa muda usiokuwa mrefu. Lakini aliyesinzia kwa kidonge huyo ni mtu aliyelala, na aliyelala analipa kwa makubaliano yao wote. Kwa hiyo sala zilizompita katika usingizi wa kidonge atazilipa, na hilo ndilo la tahadhari hata kwa zile za mezani, kwani muda wa ngiri si mrefu. Na mgonjwa anayejua atalazwa adhuhuri anaweza kukusanya. Kukusanya sala kwa ajili ya maradhi Nawawi mwenyewe ameiona kauli yenye nguvu. Ikiwa ametamka talaka akiwa katika hali hiyo, na wauguzi wamesikia mengi, haipiti, kwa kuwa akili yake iliondolewa kwa sababu aliyoruhusiwa.

Limebaki dole gumba, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala nzima.

Dawa hizi zina tabia ambayo Ibn Sina na Nawawi hawakuikabili kwa sura hii. Banj ilimwangusha mtu akaonekana ameanguka. Kila aliyemtazama alijua hana akili. Mwenye diazepamu au midazolamu anaweza kuwa ameketi, anajibu salamu, anataja jina lake na la kijiji chake, anatikisa kichwa akiulizwa kama ameelewa. Kesho hakumbuki chochote. Kumbukumbu inaacha kuandikwa tangu dawa ilipoanza kazi, ingawa ulimi unaendelea. Madaktari huiona hii kuwa ni faida, na ni faida kweli kwa habari ya sindano na taa kali. Kwa habari ya idhini ni shimo.

Fiqhi ya jambo hili iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Mafakihi wamesema kwamba mpasuaji hodari akikata bila idhini anabeba dhamana ya madhara, hata kama mkono wake haukukosea. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah Mei 1992, lilipitisha katika azimio nambari 67 kwamba matibabu yanashurutishwa na idhini ya mgonjwa mwenye ahliya kamili, na asipokuwa nayo basi idhini ya walii wake kwa mpangilio wa sheria, isipokuwa dharura inayotishia uhai. Maneno "ahliya kamili" ndiyo ya kushikwa. Mtu aliyekwisha kumezeshwa kidonge cha pili, kinywa kikavu, macho mazito, hana ahliya kamili kwa saa hiyo. Sahihi yake haimfungi, sawasawa na talaka yake isivyompita. Haiwezekani kusema ulimi wake haukubaliki katika ndoa na dole lake likubalike katika kukatwa mwili wake.

Pengine ataambiwa kwamba alikubali kwa maneno jana yake, daktari alipomweleza. Kama ndivyo, idhini ipo, na karatasi ni ushahidi dhaifu wa jambo lililokwisha kuthibiti. Kama hakuelezwa, basi alipasuliwa bila idhini, hata kama alipona. Na mwanamke mtu mzima mwenye akili idhini yake ni yake. Mume kuitwa atie sahihi huku mkewe ameshalegezwa na dawa kitandani ni desturi, na haikutoka katika azimio hilo. Tiba yake haina gharama yoyote: karatasi itangulie, kidonge kifuate. Katika wodi yenye muuguzi mmoja na wagonjwa arobaini tunajua kwa nini inageuzwa. Kidonge hutolewa kwa saa, na karatasi hukumbukwa mlangoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakati Geita ikiwa bado ndani ya Mwanza, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilikuwa ikifanywa na madaktari wasaidizi, watu wachache waliobeba kazi nyingi. Hilo linaeleza haraka yao. Halihalalishi sahihi ya mtu aliyesinzia.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulitarajia tulipoanza kuyafuatilia haya. Mwaka 1963, mwaka ule ule Valium ilipotoka, madaktari wa hospitali kuu ya Massachusetts huko Boston, ambako etha ilionyeshwa, walilinganisha wagonjwa waliopewa dawa ya kutuliza ya jamii ya barbitali na wale waliotembelewa usiku wa kuamkia upasuaji na daktari wa usingizi, akaketi nao na kuwaeleza yatakayotokea. Waliotembelewa walikuwa watulivu zaidi asubuhi yake, ingawa hawakusinzia kama waliomeza dawa. Na mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa hospitali tano za Ufaransa, wenye wagonjwa 1,062: baadhi walimezeshwa lorazepamu, baadhi kidonge bandia, na baadhi hawakupewa kitu. Lorazepamu haikuwafanya wagonjwa kwa jumla waridhike zaidi na siku yao ya upasuaji, na waliomeza walichelewa zaidi kutolewa mpira wa kupumulia na kurudiwa na akili zao.

Haya hayafuti kidonge. Mtoto anayelia hadi kukosa pumzi, na mtu mzima ambaye woga umempandisha shinikizo la damu, wanakihitaji. Lakini yanabadilisha mizani ya haja, na katika fiqhi haja hupimwa kwa kiasi chake. Bibi wa Kisumbwa ambaye Kiswahili cha hospitali kinampita, akielezwa na mtu anayejua lugha yake kwamba atalazwa, atakatwa hapa, ataamka na mshono huu, na mwanawe atakuwa nje ya mlango, huenda asikihitaji kidonge kabisa. Na akiambiwa hayo usiku, akakubali, akatia dole gumba lake akiwa na akili zake zote, asubuhi anaweza kusali alfajiri kwa wakati wake kabla machela haijaja kumchukua. Wallahu aalam.